Metformin nayo ilianza kama jani

Dada mmoja wa Tanga kaniandikia swali refu, nimelifupisha bila kulibadilisha: "Habari dokta. Nina miaka 44, kilo 96, urefu mita 1.60. Mwezi uliopita nimepima sukari asubuhi kabla ya kula ikasoma 8.9, HbA1c (kipimo cha sukari ya miezi mitatu nyuma) 7.4, nikaanzishiwa metformin 500 asubuhi na jioni. Inaniendesha tumbo hadi naogopa kupanda daladala. Shangazi yangu anasema niachane na makemikali nirudi kwenye asili, kanipa unga wa mdalasini, uwatu na mlonge, na ananishawishi ninunue vidonge vya berberine wanaviita Ozempic ya asili, kopo elfu 90. Je mimea inaweza kweli kupunguza mwili na sukari? Na kama inaweza mbona hospitali hawatupi?"

Dada yangu asante, na pole na hilo tumbo, ntalirudia huko chini manake lina ufumbuzi. Ila usiniite dokta, mi ni mfamasia, na miaka yangu ya mwanzo kazini niliimaliza maabara nachemsha magome na kukausha majani kabla sijaja kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, kwa hiyo mimea ndo iliyonilisha na sina ugomvi nayo hata chembe.

Sasa shangazi kuna kitu hajaambiwa. Hiyo metformin anayoiita makemikali ni mjukuu wa jani. Kule Ulaya kuna mmea unaitwa Galega officinalis, jamii moja na kunde, maua yake ya zambarau, waganga wa huko walikuwa wanautumia tangu enzi za kati. Na wafugaji nao waliujua kwa sababu nyingine kabisa, kondoo wakiula mwingi wanakufa. Jani lilelile! Ndani yake kuna kemikali inaitwa galegini, ndugu wa kitu kinaitwa guanidini, na mwaka 1918 ilishaonekana kwa wanyama kwamba guanidini inashusha sukari ila ni sumu. Miaka ya 1920 wakajaribu galegini yenyewe kwa wagonjwa wa kisukari, sukari ikashuka kweli, lakini nguvu yake haidumu na madhara yapo, na wakati huohuo insulini ndo ilikuwa imegunduliwa dunia nzima inaizungumzia hiyo, nani atahangaika na jani la kuua kondoo.

Metformin yenyewe ilitengenezwa Dublin mwaka 1922 na Werner na Bell, wakaiandika wakaiacha, ikalala zaidi ya miaka 30. Alikuja kuiamsha Mfaransa mmoja, daktari Jean Sterne, mwaka 1957 akachapisha majibu ya wagonjwa wake, akaiita Glucophage, maana yake mla sukari, jina ambalo mpaka leo utaliona kwenye boksi ukinunua ile ya bei. Uingereza wakaanza kuitumia 1958. Wamarekani walisita mpaka 1994 ndo wakairuhusu, na hawakusita bure, ilikuwa na dada yake anaitwa phenformin ambaye alitolewa sokoni miaka ya 1970 kwa sababu ya kujaza tindikali kwenye damu. Halafu 1998 ukatoka ule utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, wagonjwa wanene waliopewa metformin vifo vyao vilipungua kwa asilimia 36 ukilinganisha na waliopewa ushauri wa chakula tu. Siyo sukari kushuka kwenye mashine, vifo.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Ukiniuliza kati ya lile jani na hiki kidonge chako cha shilingi chache tofauti ni nini, siyo kwamba moja ni asili na kingine ni kemikali, vyote ni kemikali, hata maji ya dafu ni kemikali. Tofauti ni kwamba kwenye kidonge mtu alikaa akapunguza makali ya ile molekuli, akajua miligramu ngapi zinaponya na ngapi zinadhuru, akawapa watu wengi kwa miaka, akahesabu nani kapona na nani kazikwa. Kazi hiyo kwa metformin ilichukua miaka 80 kutoka 1918. Na ndo swali la kuuliza kwa kila kitu alichokupa shangazi: hiyo kazi imefanyika au haijafanyika?

Ngoja nikupe mfano mwingine nnaoupenda kuliko wote. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kitu kwenye magome ya mizizi ya mti wa epo (siyo yale matofaa yetu ya pwani, epo haswa), wakakiita florizini. Ni kichungu, na kwa vile kwinini nayo ni chungu na inatoka kwenye magome wakadhani wamepata dawa ya homa, hesabu za kienyeji kabisa, kama sie tu. Miaka 50 baadaye, 1886, Mjerumani von Mering akagundua aliyepewa florizini anakojoa sukari. Yaani figo ambayo kazi yake ni kuidaka sukari na kuirudisha kwenye damu, inapewa hii kitu inaiachia yote inaenda chooni.

Ungedhani kesho yake wangeuza magome ya epo. Wapi! Florizini ukiimeza inavunjwavunjwa utumboni, kinachofika kwenye damu ni kidogo mno, na ile inayobaki utumboni inafunga mlango mwingine wa kupitishia sukari kwenye utumbo wenyewe, matokeo yake kuhara. Ikabidi wanakemia wakae na umbo la ile molekuli, wabadilishe hapa wakate pale, mpaka wakapata kitu kisichovunjika tumboni na kinachogusa mlango wa figo peke yake. Dapagliflozini ikaruhusiwa Ulaya mwaka 2012, yaani miaka 177 tangu yale magome. Leo hizi dawa zinazoishia na "gliflozini" mgonjwa wa kisukari anakojoa gramu 60 mpaka 80 za sukari kwa siku, ni kama kalori 300 hivi zinaenda na maji, anapungua kilo mbili tatu, na uzuri zaidi zinalinda moyo na figo. Kwa hiyo dada, hospitali mbona wanatupa mimea! Wanatupa ikiwa imeshasomeshwa.

Haya, twende kwenye kapu la shangazi.

Berberine ndo ya elfu 90 kwa hiyo nianze nayo. Ni unga wa njano kali, nilipokuwa maabara ukiushika bila glavu vidole vinabaki njano mpaka kesho, na uchungu wake ukigusa ulimi unakaa nao mpaka chakula cha mchana. Inatoka kwenye mizizi na magome ya mimea ya jamii ya Berberis, hata kwenye milima yetu ya Afrika Mashariki ipo jamii yake. Wachina wameitumia miaka mingi kama dawa ya kuzuia kuharisha, ya dukani tu bila cheti. Inafanya kazi? Kidogo, ndio, na sitaki nikudanganye kwa kuikataa yote. Mwaka 2008 kulitoka utafiti wa China, watu wazima 36 wenye kisukari kipya, wengine berberine miligramu 500 mara tatu kwa siku wengine metformin kiwango kilekile, miezi mitatu, na waliokula berberine HbA1c yao ilitoka 9.5 ikaja 7.5, ikawa inafanana na metformin. Watu 36 dada. Hao ni basi moja la Tanga halijajaa. Tafiti nyingi zilizofuata nazo ni ndogondogo, karibu zote za hukohuko, na zikijumlishwa upande wa kilo unakuta watu wamepungua kama kilo mbili.

Sasa iweke pembeni ya hiyo Ozempic inayojilinganisha nayo, sindano ya kisukari ambayo inapunguza na mwili. Dawa iliyomo kwenye Ozempic ni semaglutide, na kwenye utafiti wa 2021 wa watu 1,961, kwa dozi kubwa ya kupunguza unene, waliochomwa sindano walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito kwa wiki 68, waliochomwa sindano ya maji matupu asilimia 2.4. Kwa kilo zako 96 hiyo 14.9 ni kilo 14. Kilo 14 na kilo 2 unaziitaje jina moja? Na semaglutide wala haihusiani na mmea wowote, ni nakala iliyorekebishwa ya homoni ya utumbo wa binadamu, na ile ya kwanza kabisa ya ukoo huo ilitokana na mate ya mjusi wa jangwa la Marekani, kwa hiyo kama kuna Ozempic ya asili basi ni mjusi.

Tatizo la berberine ni lilelile la florizini, kwenye vipimo vya wanyama chini ya asilimia 1 ya unayomeza ndo inafika kwenye damu, kubwa inabaki utumboni na kuchezea bakteria wa humo na tumbo pia, maana nayo inaendesha na kufunga choo na kujaza gesi, kwa hiyo ukikimbia metformin kwa sababu ya tumbo ukaenda berberine umehama chumba hujahama nyumba. Halafu inazuia vimeng'enya vya ini vinavyochakata dawa nyingine, mtu anayekula dawa za presha au za moyo dozi yake inaweza kupanda mwilini bila yeye kuongeza kidonge. Na mwenye mimba au anayenyonyesha asiiguse kabisa, inasukuma ile rangi ya manjano ya damu kwa mtoto mchanga na ikifika kwenye ubongo wake ni ulemavu wa maisha. Elfu 90 yako kaa nayo.

Mdalasini. Hapa naomba uchukue kijiti chako ukitazame kwa pembeni, kule kwenye mdomo wake. Kama ni gamba moja nene, gumu, limejikunja mara moja kama bomba na kulivunja unahitaji mchi, huo ni kasia, unaotoka Asia. Kama ni magamba mengi membamba yamefungana ndani kwa ndani kama sigara, unaweza kuyavunja kwa vidole na yanamong'onyoka, huo ndo mdalasini wenyewe, jamii ya Ceylon, unaolimwa Zanzibar. Kwa nini nakusumbua na hilo? Kasia ina kemikali inaitwa kumarini ambayo ikizidi inaumiza ini, na Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwako wewe ni miligramu 9.6. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia kwa wastani kina kama 7 hivi. Sasa kama shangazi kakwambia vijiko viwili kwenye maji ya moto asubuhi na viwili usiku, piga hesabu mwenyewe. Ule wa kwetu kumarini yake ni kidogo sana. Tatizo ukishasagwa huwezi kujua upi ni upi, kwa hiyo nunua kijiti saga mwenyewe.

Je unashusha sukari? Mwaka 2013 walijumlisha tafiti 10 zenye watu 543, sukari ya kufunga ilishuka, kwa vipimo vyetu ni kama 1.4, lakini HbA1c, ile inayoonyesha miezi mitatu nyuma, haikuonyesha mabadiliko ya maana. Yaani kwenye mashine ya asubuhi unaona raha, kwenye kipimo kinachotabiri macho na figo zako huoni. Weka kwenye pilau, weka kwenye chai, usiuhesabu kama dawa.

Uwatu sasa, na hapa shangazi nampa maksi. Fanya jaribio dogo, chukua kijiko cha uwatu mzima, loweka kwenye nusu glasi ya maji usiku, asubuhi chovya kidole uinue. Utaona unavuta kama kamasi la bamia. Kinamama wa pwani wanaukoroga kwa mzazi siku zote na wanaujua huo utelezi. Hiyo ni nyuzinyuzi inayoyeyuka, ikifika tumboni inavimba, inafanya chakula kitoke tumboni polepole, sukari ya ugali inaingia kwenye damu kwa foleni badala ya kuingia kwa fujo, na unajisikia umeshiba mapema. Kinachofanya kazi hapo siyo siri ya kiambata cha ajabu, ni utelezi, na ndo maana ukikaanga ukausaga ukameza vijikapsuli viwili hupati kitu, kinachotakiwa ni gramu za kutosha na maji ya kutosha. Tafiti zake nazo ni ndogo lakini zinaelekea upande mmoja na maelezo yake yanaeleweka. Tumia na chakula, ila utenganishe na vidonge vyako kwa saa moja au mbili, manake utelezi unaochelewesha sukari unachelewesha na dawa. Na kuna mwenzio atasoma hapa anatumia glibenclamide (kidonge kingine cha kisukari) au anachoma insulini, huyo akiongeza uwatu mwingi bila kupima anaweza kushuka sukari akatetemeka na kutoka jasho na kuanguka, kwa hiyo yeye apime kwanza. Wewe kwa metformin peke yake hatari hiyo ni ndogo.

Mlonge ni mboga nzuri, kula majani yake. Upande wa kisukari ushahidi wa binadamu ni mdogo mno kuwa na cha kusema, na mizizi na magome yake ni habari nyingine kabisa, hiyo usiiguse.

Kuna neno limejificha kwenye swali lako la "inaweza kweli", na ni hizi habari za utafiti unaoonyesha mmea fulani unayeyusha mafuta. Ukisikia hivyo uliza, umeyeyusha ya nani? Mwaka 2015 maabara moja ya Marekani ilitoa majibu ya kushangaza ya selastroli, kitu cha kwenye mizizi ya mtambaazi mmoja wa China, panya wanene walipungua mpaka asilimia 45 ya uzito wao. Arobaini na tano! Kitu kinafanya ubongo wa panya usikie tena homoni ya leptini inayosema "nimeshiba". Lakini huo mtambaazi ni sumu inayojulikana, unagusa moyo na figo na uzazi, na dozi ya panya huihamishi kwa binadamu kwa kuzidisha kilo kwa kilo. Miaka 10 imepita, hakuna kidonge dukani. Haina maana sayansi ile ni uongo, ina maana wako bado kwenye ile miaka ya katikati, kama florizini mwaka 1900.

Na mingine inafia hapohapo katikati. Wasani wa Kalahari walikuwa wakienda kuwinda siku kadhaa wanatafuna mmea wa miiba unaitwa Hoodia kuua njaa na kiu. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, CSIR, ikatoa kiambata wakakiita P57 wakakiwekea hataza, yaani haki ya kukimiliki kisheria, bila hata kuwauliza wenyewe, ikaja kuwa kelele kubwa, mwaka 2003 wakasaini mkataba wa kuwagawia Wasani. Pfizer wakaichukua wakairudisha, Unilever wakaichukua 2004, mwaka 2008 nao wakaacha. Utafiti uliochapishwa 2011 ukaonyesha waliokunywa Hoodia walikula chakula kilekile sawa na wasiokunywa, ila wao walipata kichefuchefu na presha kupanda. Wakati huo dunia nzima ilishajaa vidonge vya "Hoodia ya Kalahari", na roho inaniuma zaidi kwa Wasani, walinyang'anywa maarifa, wakarudishiwa karatasi, halafu pesa ya maana haikuja.

Mirungi nayo inaua njaa, kila mtu anajua, kemikali yake kathinoni iko ukoo mmoja na amfepramoni, kidonge cha kupunguza hamu ya kula ambacho kimewahi kuandikwa hospitali nchi kadhaa. Sasa nani atakwambia utafune mirungi upungue? Hakuna, manake moyo na usingizi na akili vinalipa. Kuua njaa ni rahisi, kuua njaa bila kuua kingine ndo shughuli.

Ambacho sitaki kukificha ni haya ya hatari, na hapa shangazi naomba asome mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Ubelgiji kinamama walikuwa wanaenda kliniki ya kupunguza mwili wanapewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Katika kupakia mmea mmoja ukachanganywa na mwingine, majina yake kwa Kichina yanakaribiana, na huo mwingine una asidi ya aristoloki. Kinamama zaidi ya 100 figo zikaharibika, wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu na kupandikizwa, na miaka ya baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walienda kupunguza kilo tano. Na sumu iliyoharibu figo zao ilitoka kwenye mmea wenyewe, haikutoka kiwandani.

Halafu kuna zile ambazo kemikali imewekwa. Mwaka juzi alikuja mama mmoja kaunta na kopo la vidonge vya "majani ya kupunguza tumbo", anavisifia, kapungua kilo tano kwa wiki tatu, ila mdomo mkavu, halali, moyo unapiga kama ngoma ya harusi. Nikampima presha, 168 kwa 104. Nikaomba kapsuli moja nikaifungua juu ya karatasi nyeupe, unga wa kijani, sawa, nikausambaza kwa ncha ya kisu, katikati ya kijani kuna chembe nyeupe zinang'aa kama sukari ya unga. Jani halina chembe nyeupe za kung'aa. Kuna dawa inaitwa sibutramine, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na tangu hapo imekuwa inakamatwa mara kwa mara duniani ndani ya vidonge vya kupunguza mwili vilivyoandikwa "asilia asilimia 100". Nikamwambia mama aache siku ileile akamwone daktari, alikasirika sana, akasema mbona inafanya kazi. Ndo shida yenyewe! Mmea ukikupunguza haraka hivyo, wasiwasi wangu wa kwanza ni kwamba siyo mmea.

Hata vya kawaida vikikamuliwa vinageuka. Chai ya kijani ya kunywa haina shida, lakini kapsuli zake za kukamuliwa, Ulaya walitoa tahadhari mwaka 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 kwa siku za kile kiambata chake kikuu vipimo vya ini vinaanza kupanda. Kikombe siyo kapsuli.

Na suala la kikombe, wote tunakumbuka foleni ya Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kikombe cha mugariga cha Babu Mwasapile kwa shilingi 500. Watu walibishana kama mti ule ni dawa au siyo dawa, mi nilikuwa na swali dogo tu la kifamasia, mwenye kisukari kikombe kimoja, mwenye presha kikombe kimoja, mwenye kilo 40 na mwenye kilo 110 kimoja. Mti hata ungekuwa na kitu kizuri namna gani, dozi hiyo ni ya nani?

Siyo kwamba nyumbani hakuna kazi inayofanyika, pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza 1974 kama kitengo cha utafiti, wanachukua mimea ya waganga wanaichambua. Lakini kutoka kwenye kinu cha mganga hadi kufanyia majaribio watu elfu mbili ni hela nyingi, na mmea ambao kila mtu anao uani hakuna kampuni itakayoweka hela zake humo, hiyo ndo sehemu ya malalamiko ya shangazi ambayo ni ya kweli na mi namuunga mkono. Kopo ukiliona lina namba ya usajili wa Baraza la Tiba Asili ni afadhali kuliko lisilo nayo, ila usajili siyo ushahidi kwamba litakupunguza kilo.

Haya tumbo lako. Kuendesha kwa metformin ndo lalamiko namba moja kaunta kwangu, na kwa wengi linapoa ndani ya wiki chache. Usimeze tumbo likiwa tupu, meza katikati ya chakula, yaani kula nusu sahani, meza, malizia. Rudi kwa daktari wako umwombe uanze na kimoja tu cha jioni wiki moja mbili ndo upande, na umuulize kuhusu ile inayotoka taratibu, boksini imeandikwa SR au XR, bei iko juu kidogo lakini tumbo linaipokea vizuri zaidi, na hiyo usiivunje wala kuitafuna. Kama hujapimwa kreatinini omba upimwe, figo zikiwa zimechoka sana metformin haifai. Na ukikaa nayo miaka, vitamini B12 inashuka, ukianza kuhisi ganzi miguuni usidhani ni kisukari tu, sema. Usiache mwenyewe.

Kilo nazo, kuna kitu kilichopimwa kikaishinda hata hiyo metformin. Marekani, mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa wanaelekea kwenye kisukari, kundi la metformin hatari ilipungua kwa asilimia 31, kundi la kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito ikapungua kwa 58. Asilimia 7 yako ni kilo 6.7 tu, usianze kuota kilo 60 za ujanani. Na hapo mimea inarudi kwa mlango wa mbele, nusu ya wali iwe maharage au mbaazi (bila lile bwawa la nazi dada, nawajua watu wa Tanga), mchicha na kisamvu vijae sahani, ndizi za kuchemsha badala ya chapati tatu, chai isiwe na sukari na mdalasini uweke humo, ule wa magamba membamba.

Uwatu wa shangazi nimeupitisha, mlonge upikie, kasia mrudishie, na vile vidonge vya elfu 90 kama ulishanunua nipigie picha nyuma ya kopo, penye maandishi madogo siyo penye picha ya kiuno. Baada ya miezi mitatu pima HbA1c niandikie namba uliyoikuta.